Kichwa cha Changu

Mama yangu hakuwahi kunipa ushindi, hata mara moja, na jambo hilo liliniuma kuliko ninavyopenda kukiri.

Mashindano yenyewe yalianzishwa na mtani wangu, Mngoni kutoka Songea aliyeletwa Lindi kufundisha shule moja na mimi. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo yeye hana adabu kwangu wala mimi sina kwake. Hakuwa na ndugu mjini. Kila Jumamosi alikuja nyumbani tutazame zile filamu za kutafsiriwa, ambazo dijei huongea juu ya sauti za wachezaji na kutia chumvi apendavyo. Siku moja, baada ya filamu ya nyoka mkubwa, akadai ina maana iliyofichwa: nyoka yule ni Mmwera aliyesikia harufu ya ugali. Nikamwambia aandike insha, athibitishe. Akaandika kweli, hoja kwa hoja. Nami nikajibu kwa insha yangu.

Tangu hapo tukawa tunaandika kila wiki. Maana iwe ya ajabu kadiri mtu anavyoweza, lakini ushahidi utoke kwenye filamu. Jaji alikuwa mama, aliyekaa kwangu, akisikiliza huku anakuna nazi. Zawadi ilikuwa kichwa cha samaki wa siku hiyo, na changu akipatikana ndiyo raha zaidi.

Niliwahi kuandika kwamba filamu fulani ya majambazi haihusu majambazi hata kidogo, inahusu milango. Mwanzo hadi mwisho hakuna mtu aliyefunga mlango, wa gari wala wa nyumba, na wote waliokufa walifia karibu na mlango uliokuwa wazi. Mama alicheka mpaka akainuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nikasema moyoni, leo ni leo.

"Insha zote nzuri," alisema akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Lakini mgeni kapita."

"Mama, huyu kaandika nusu ukurasa!"

"Kapita, nimesema." Akamgeukia mtani. "Karibu kichwa, mwanangu."

Mtani akala taratibu, akinyonya kila mfupa kwa kelele za makusudi. Nikanuna hadi kesho yake. Mtu mzima na watoto wangu, nanunia kichwa cha samaki! Ila si samaki niliyemtaka. Nilitaka mama aseme, mbele ya mtu, kwamba wa kwake ndiye bora.

Mwaka jana mama akafariki.

Mtani alifanya yote ambayo mtani hufanya msibani. Alijifunga kanga ya marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, akalala mlangoni jeneza lisipite mpaka abembelezwe. Watu walicheka huku wanalia. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa mkavu tu, na nilijichukia kwa hilo.

Siku ya tatu, kisomo kilipokwisha na watu kutawanyika, dada yangu alipika changu wa nazi kama alivyopika mama. Mtani akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa insha, juu ya filamu ya Kihindi aliyoipenda mama, ya mtoto aliyepotea ambaye mama yake anamwimbia mpaka anarudi.

"Filamu hii haimhusu aliyepotea," alisoma kwa sauti yake ya darasani. "Inamhusu ndugu yake aliyebaki nyumbani. Ushahidi: huyu haimbiwi hata wimbo mmoja. Wa mbali asipoimbiwa atajiona hana kwao. Wa nyumbani ni wake, hana haja ya kuitwa. Mngoni mmoja amekula vichwa vya samaki miaka yote kwa insha mbovu, na alijua fika kwamba ni mbovu. Mmwera ndiye hakujua, maana Mmwera akishaona chakula haoni kingine."

Akaikunja karatasi. Kichwa kilikuwa kimewekwa mbele yake, kwa mazoea. Akaisogeza sahani kwangu.

"Jaji hayupo," alisema. "Kula, mtani."

Ndipo nikalia, kwa sauti, kama mtoto. Dada alinishika bega mpaka nikatulia. Kisha nikakitazama kile kichwa na kuona sijui hata pa kuanzia.

"Anza na shavu," mtani akasema. "Ndivyo alivyonionyesha."