Herufi Ubavuni mwa Nyumba

Miaka ya tisini kazi yangu ilikuwa kuandika namba za nyumba Mji Mkongwe. Unaanzia mwanzo wa uchochoro: kushoto namba witiri, kulia shufwa. Mlango ulioongezwa baadaye hupewa namba ya nyumba ile ile pamoja na herufi.

Asubuhi moja nilifika kwenye nyumba ya ndugu wawili. Baba yao alipofariki waliigawa kwa ukuta uliokata ua katikati. Mdogo alibaki na mlango mkubwa wa nakshi. Mkubwa akatoboa wake ubavuni. Salamu zilishakatika baina yao.

Niliandika 37 kwenye mlango mkubwa. Nilipoanza 37A kule ubavuni, mkubwa akatoka na kuniuliza ile A maana yake nini. Nikamweleza kuwa mlango wake ni wa nyongeza.

"Nyongeza mie?" alisema taratibu. "Mie ndiye wa mwanzo kuzaliwa nyumba hii."

Mdogo wake, aliyekuwa amekaa barazani, akacheka kidogo tu. Mkubwa akaingia ndani, akarudi na mchi wa kinu. Nilidhani ananijia mimi, nikainua mkono kujikinga. Mchi ukanipata kifundoni mwa mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Akanipita, akampiga ndugu yake wa uso. Alipoanguka akaendelea kumpiga kichwani, kimya kimya, kama mtu anayetwanga. Damu ikatiririka kwenye mawe ya baraza.

Mama yao akatoka mbio kichwa wazi, akajitupa juu ya mwanawe aliyeanguka. Pigo la mwisho likamvunja mama bega. Hapo ndipo mchi ulipomponyoka yule mkubwa.

"Nshamuua?" aliuliza.

Hakumuua. Mdogo alipoteza jicho, na maneno yakawa hayamtoki sawasawa. Mkubwa alifungwa. Mama akawa anapeleka chakula hospitali na jela, akibeba kwa mkono mmoja.

Mkono wangu ulipopona nilikwenda kumwomba radhi yule mama.

"Wanangu walianza kupigana siku tuliyomzika baba yao," aliniambia. "Wewe ulikuja na rangi tu."

Nikashindwa kumwambia lililobaki. Palipo na ukuta wa kugawa nyumba tulikuwa na ruhusa ya kuupa kila mlango namba kamili. Ningempa mkubwa 39. Ila ningelazimika kuzifuta na kuziandika upya namba za nyumba zilizofuata, zilizokwisha kuorodheshwa daftarini, nami siku ile nilikuwa nimechoka.