Kiredio cha Kukimbia Nacho

Hatibu alianza kukimbia akiwa na miaka hamsini na moja, umri ambao wenzake wengi pale Kihonda wanaanza kutafuta viti vyenye mgongo. Presha ndiyo iliyomtoa nyumbani. Daktari alimwambia apunguze chumvi na auchoshe mwili. Hatibu akajibu kwamba mwili wake unachoka kila siku ya Mungu, maana kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kusaga na kukoboa nafaka. Daktari akamwambia kusimama mbele ya mashine si mazoezi. Jumapili iliyofuata Hatibu akavaa raba alizoziacha mwanawe Twalibu alipohamia Dodoma kikazi, akajiunga na klabu ya joging ya mtaani.

Aliipenda kuliko alivyotarajia. Walikuwa watu arobaini hivi, fulana za rangi moja, mwimbishaji yuko mbele, wengine wanaitikia, na kule juu milima ya Uluguru imejifunika ukungu hadi kiunoni. Hatibu alizoea kukimbia pembeni kabisa, upande wa kushoto wa kundi, wenzake wote wakiwa kulia kwake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Tabu ilikuwa siku za katikati ya wiki. Jumanne na Alhamisi alikimbia peke yake asubuhi, kabla ya kwenda mashineni, na bila nyimbo njia ilikuwa haiishi. Alihesabu nguzo za umeme. Akifika ya ishirini, miguu ilijiamulia yenyewe kutembea.

"Nitatafuta kitu cha kuniimbia," alimwambia mkewe, Shamsia.

"Simu si unayo?"

"Simu inanigonga paja. Halafu nikiwa nayo, wateja wananipigia kuuliza kama umeme upo."

Shamsia akacheka, akarudi kwenye mboga zake.

Basi siku moja umeme ulipokatika mchana na mashine ikalala, Hatibu akaenda Mwembesongo, kwenye duka la dada mmoja aitwaye Faraja, anayeuza simu, chaja na vyombo vya muziki. Duka lenyewe lilikuwa dogo, ukiinua kiwiko unaangusha kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kitu cha kusikilizia muziki. Nakimbia nacho, na nikirudi nakitumia nyumbani. Sitaki simu."

Faraja alionekana kufurahi, kama mtu aliyechoka kuulizwa bei za chaja. Akapanga vitu juu ya kioo. Cha kwanza kilikuwa kidogo kama kiberiti, chenye kibanio cha kubania kwenye nguo na waya wa spika za masikioni. Cha pili zilikuwa spika mbili zisizo na waya kabisa, punje mbili kama maharage, zinazopokea muziki kutoka kwenye simu.

"Hizi hapana," Hatibu akasema. "Simu nimeikimbia. Tena zikianguka mtaroni nitaziona wapi?"

Cha tatu kilikuwa kiredio chenye spika yake mwenyewe, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachotumia memori kadi. Hatibu hakukiangalia mara mbili. Aliona ni cha wazee wa kusikiliza taarifa ya habari. Akachukua kile cha kwanza, akachomeka spika masikioni, Faraja akabonyeza. Muziki ukaja sikio la kulia, safi kabisa. Kushoto kimya.

"Upande mmoja mbovu."

Faraja akabadilisha waya. Kushoto kimya. Akatoa waya wa tatu kwenye boksi lake, mpya, bado umefungwa. Kushoto kimya vilevile.

"Samahani mzee, nipe kidogo." Akazifuta kwa kitambaa, akazivaa mwenyewe, akatulia. Uso wake ukabadilika polepole. "Mbona zote zinaimba?" Akazivua, akazifuta tena, akamrudishia. "Hebu zigeuze. Ya kushoto weka kulia."

Hatibu akazigeuza. Spika ile iliyokuwa bubu ikaimba vizuri kwenye sikio la kulia. Ile iliyokuwa ikiimba, sasa iko kushoto, ikawa bubu.

Alisimama vile, nyaya zikining'inia kifuani, akimtazama Faraja, na Faraja akitazama kioo cha meza.

"Kumbe mbovu ni mimi," akasema.

"Usiseme hivyo, baba. Labda ni nta tu. Nenda wakakuangalie." Alikuwa amemwita mzee tangu aingie. Ule ubaba ulimgusa Hatibu kuliko alivyotaka uonekane. Akaaga bila kununua kitu.

Njiani alijaribu mwenyewe. Alisugua vidole karibu na sikio la kulia, akasikia mchakacho. Kushoto hakuna. Akaziba la kulia kwa kidole, na mtaa mzima ukazama: muuza mihogo alifungua mdomo na kuufunga, pikipiki ikapita kama picha. Akakumbuka mwendesha bodaboda aliyemfokea mwezi uliopita, "Mzee, unatafuta kufa?" Siku ile alimtukana moyoni kwa kutopiga honi. Sasa alijua honi ilipigwa.

Alimkuta Shamsia ameketi ukumbini anachambua mchicha. Hakusalimia hata. Akavuta kigoda, akaketi, akaziba sikio la kulia.

"Mama Twalibu, niambie neno lolote. Usipaze sauti."

Shamsia alidhani ni mzaha. Hatibu aliona midomo yake ikienda, akaona tabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

"Umesema nini?" akauliza, akiachia sikio.

"Nimekuita jina lako. Mara tatu."

Akamsimulia ya dukani. Shamsia alisikiliza hadi mwisho, mkono umeshika tawi moja la mchicha bila kulichambua. Hatibu alitarajia pole. Badala yake akaulizwa swali.

"Tangu lini?"

"Sijui. Imekuja kidogokidogo, nadhani. Mashineni tunaongea kwa kupiga kelele wote, nani atajua?"

"Miaka minane inaweza kufika?"

"Inaweza hata kuzidi. Kwa nini minane?"

Shamsia akaweka tawi chini. "Unakumbuka mwaka ule tulivuna mahindi mengi, tukakaa hapo barazani tunapukuchua? Mama alikuwa bado yuko Kinole peke yake, magoti yameshaanza kumsumbua, ile njia ya mlimani inamshinda. Mimi nilikaa huku." Akagusa bega la kushoto la mumewe. "Nilijikaza siku tatu nzima kutafuta maneno. Nikakuomba tumlete mama akae na sisi. Ukaendelea kupukuchua. Halafu ukainuka, ukaenda kuleta gunia lingine."

Hatibu alikumbuka mahindi. Alilikumbuka hata gunia, lilikuwa limetoboka chini. Ombi hakulikumbuka, kwa kuwa halikuwahi kumfikia.

"Wallahi sikusikia."

"Nami nikasema, huyu mwanamume ameona hata neno 'hapana' silistahili." Sauti yake haikupanda. Ndiyo maana ilimchoma. "Sikuuliza tena. Kaka Halidi akaja kumchukua mama, akampeleka Turiani."

"Shamsia." Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. "Mimi nilishangaa mama alipopelekwa Turiani. Nilijiuliza, mbona hamkunifikiria? Nikadhani mmeona nyumba yangu haimfai mkwe. Na mimi nikanyamaza."

Kuku aliingia akadonoa majani ya mchicha yaliyoanguka, na hakuna aliyemfukuza. Kilichomsumbua Hatibu si ombi moja. Alikuwa anajaribu kukisia ni maneno mangapi mengine yaliyosemwa upande ule, mezani, njiani, kitandani, yakaishia hewani, na kila moja Shamsia amelihesabu kuwa ni dharau. Hilo hakulisema. Alisema tu, "Kuanzia leo kaa kulia kwangu."

Shamsia akahamisha kigoda chake.

Hospitali walienda wote wawili. Halikuwa jambo la nta. Mtaalamu wa usikivu, mama mtulivu aliyejitambulisha kwa jina la Catherine, alimweka Hatibu kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, akamvalisha hedifoni kubwa, akampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Kwa sikio la kulia alibonyeza mara nyingi. Kwa la kushoto alikaa muda mrefu kidole kikiwa tayari, kikisubiri.

"Kazi yako ni nini?" Catherine akamuuliza walipotoka.

"Mashine ya unga. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Mota inakaa upande gani?"

Hatibu alilazimika kusimama na kujipanga kama yuko kazini, mkono mmoja kwenye mdomo wa mashine, mwingine kwenye gunia. Mota na kinu cha kukoboa vilikuwa kushoto. Miaka yote hiyo alikuwa amevipa sikio lilelile.

Catherine alimweleza bila kumzungusha. Kilichokufa ndani ya sikio la kushoto hakirudi, na la kulia nalo limeanza kuguswa. "Hilo lililobaki ndilo la kulinda. Kazini vaa vifuniko vya masikio, si pamba. Na muziki wa kuchomeka sikioni barabarani, hapana. La kushoto halitausikia, na la kulia ukiliziba utagongwa."

Nje ya hospitali Hatibu akasema basi, habari ya muziki imekwisha, atahesabu nguzo. Shamsia ndiye aliyekataa. "Hujakatazwa muziki. Umekatazwa kuziba sikio. Twende tena kwa huyo Faraja."

Safari hii walichagua kwa namna nyingine kabisa. Faraja aliwaonyesha kifaa kinachoweza kuunganisha sauti za pande mbili zikaja zote sikio moja, Hatibu akakisifu na kukirudisha, kwa kuwa sikio lenyewe ndilo linalotakiwa liwe wazi. Faraja akataja aina nyingine inayokaa kwenye mfupa mbele ya sikio bila kuliziba. Hakuwa nayo, ingebidi iagizwe Dar, tena nayo ilitaka simu karibu. Wakabaki na kile kiredio cha ukubwa wa sabuni.

Hatibu alikishika vizuri sasa. Nyuma kilikuwa na kibanio imara. Vitufe vilikuwa vinene, aliweza kuvitofautisha kwa kidole gumba bila kutazama. Faraja alisema jasho halikiharibu, ila asikitumbukize kwenye ndoo, na chaji ikijaa kinaimba kutwa nzima. Kikabanwa kwenye ukosi wa shati, karibu na bega la kulia. Wimbo wa dansi la zamani ukaanza.

"Sasa mama," Faraja akamwambia Shamsia, "simama kulia kwake, hatua tano, umwite kwa sauti ya kawaida. Akikusikia juu ya muziki, hapo ndipo sauti iishie."

Shamsia akaita. Hatibu hakugeuka. Faraja akapunguza. Akaita tena, kimya. Faraja akapunguza kidogo tena.

"Hatibu."

"Naam," akajibu, na alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa, jambo lililomfanya Faraja ashughulike ghafla na boksi na risiti.

Kwa kucha ya kidole Hatibu alikwaruza alama kwenye gurudumu la sauti. Hapo ndipo mwisho. Usiku wa kuamkia Jumanne Shamsia alimjazia nyimbo kwenye kadi: dansi, taarabu mbili tatu anazozipenda yeye mwenyewe, na kasida. Asubuhi Hatibu akakimbia kuelekea milimani na muziki mdogo, mdogo hasa, pembeni ya shavu, akisikia pia raba zake, ndege, na pikipiki inayokuja nyuma. Nguzo ya ishirini ilipita bila yeye kujua. Alirudi, akakibandua begani, akakiweka dirishani jikoni, kikaendelea kuimba wakati Shamsia anakaanga maandazi.

Mashineni alimwomba tajiri wake vifuniko vya masikio jozi mbili. Mwenzake Abeid alimcheka siku ya kwanza, akamwita rubani. Siku ya nne Hatibu alimsimulia habari ya gunia lililotoboka na ombi lisilofika. Baada ya chakula Abeid alivaa vyake.

Wiki mbili baadaye Hatibu na Shamsia walikwenda Turiani. Bi Maimuna, mama yake Shamsia, aliwapokea uani kwa Halidi, akiwa amezungukwa na kuku wake na wajukuu. Hatibu aliketi mkekani, akaamkia, akaomba radhi, akamweleza yote tangu mwanzo. Kisha akasema ombi lile kwa kinywa chake mwenyewe: mama, njoo ukae kwetu.

Bi Maimuna akamjibu. "Ungeniambia miaka ile, mwanangu, ningebeba mkeka wangu siku hiyohiyo. Sasa hapa nimeshaota mizizi. Shamba la mpunga la Halidi mimi ndiye mlinzi wake, na hawa watoto nani atawasimamia?"

Shamsia akainamisha kichwa. Mama yake akaunyoosha mkono, akamshika kisigino kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo. "Lakini kutembea si kuhama. Nitakuja mkae nami mwezi mmoja."

Alikuja, akakaa miezi miwili na nusu. Alimfundisha Hatibu kumjibu Shamsia hata kama hakumwelewa, angalau kwa kusema "rudia." Alilalamika kwamba maji ya Kihonda yana chumvi na kwamba mkwewe anakimbia bila kufukuzwa na mtu. Mpunga ulipoanza kuiva akafunga mzigo wake, na Shamsia akamsindikiza Turiani. Walizungumza njia nzima, anasema Shamsia, na mengine aliyoambiwa siku ile hajamwambia mtu, hata Hatibu.