Mume Wangu Aliposhika Mwiko

Daktari alipomwambia mume wangu kwamba ana kisukari, ni kama nilijitwika mimi ugonjwa ule. Nyumbani kwetu Chamazi nikaanza kupika sufuria mbili: yake ugali wa dona na mboga ya mafuta machache, yetu mimi na watoto wali au ugali wa sembe. Mimi ni fundi cherehani. Nguo za wateja zikalundikana, mpaka bibi harusi mmoja akaja kuchukua gauni siku mbili kabla ya ndoa, akakuta sijalishonea hata mikono.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwepo akasikia nilivyomwomba radhi. Yule dada alipoondoka, akaniambia, "Mie natoka shule saa tisa. Kuanzia kesho chakula cha jioni napika mie, tena sufuria moja. Ninachokula mie tule wote."

Siku za mwanzo tulikula dona lenye madonge. Watoto walinung'unika, nami nilikuwa naacha kushona kwenda kuchungulia jikoni, mpaka akaniomba nitulie kwenye kazi yangu. Taratibu akaweza. Matembele yake siku hizi yanashinda yangu, ingawa sijawahi kumwambia.

Kisha mama yake akaja kutoka Songea. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwa mwanawe aliyekuwa anasonga ugali, na mie niko kwenye cherehani. Siku mbili hakuligusia jambo lile. Nilishona kwa aibu. Siku ya tatu akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Nikajua leo nasemwa.

"Baba yake huyu alipenda chumvi," alisema. "Hospitali walimkataza. Akiniomba, nilikuwa namwongezea kidogo, nikiona ndiyo kumtunza mume. Kiharusi kikamchukua. Mwache mwanangu apike, mama. Anajua anachotia."

Nikamshika mkono, kisha akainuka kwenda kumchambulia mwanawe mboga. Alikaa nasi mwezi mzima, na walishinda jikoni wawili wakiongea Kingoni na kucheka.

Sukari ya mume wangu haijaisha, ila imeshuka. Mie nawahi kumaliza nguo za watu. Jumapili tunapika wali, yeye anajipakulia vijiko vitatu, anakula polepole, na watoto wameshazoea kumsubiri amalize ndipo waondoke mezani.