Mpira wa Kupimia Maji

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kwetu Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, nikalala chali chini ya gari la baba, mgongo juu ya gunia, nikaanza kuchomoa mipira ya petroli mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeamua kubadilisha njia nzima ya mafuta: bomba jipya la shaba kutoka kwenye tangi, chujio jipya, pampu ya umeme mahali pa ile kuukuu, na mipira iliyoandikwa ubavuni kwamba ni ya petroli. Maandishi hayo niliyasoma mara mbili kabla ya kukata. Una haki ya kuniuliza kwa nini. Kaa hapo kwenye kigoda nikuambie.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, jeupe, gia kwenye usukani, na viti vya plastiki vilivyotuchoma mapaja wakati wa jua. Mtaani kwetu halikuwa na mwenzake. Nilipokuwa na miaka tisa, mvua ndefu zilipoanza, lilizimika ndani ya uwanja wetu. Mpira wa petroli karibu na injini ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mkulima, na mafuta yakawa yanaishia chini badala ya kufika kwenye kabureta. Lilikuwa tatizo dogo. Lakini baba alikuwa na msemo wake: "Mtu ako na gari hasimami steji."

Kwa hiyo hakuna aliyesimama steji kungoja matatu. Ilikuwa likizo, hata shule haikututoa nje. Jumapili tuliimbia sebuleni, kwa sababu kanisani wangetuona tukifika kwa miguu. Geti lilifungwa kwa mnyororo ili mpita njia asione boneti iko wazi. Mama aliagiza sukari na chumvi kwa majirani. Mvua ilipiga mabati kutwa, na petroli ilinuka kwenye kila kitu, sweta, taulo, hata githeri sufuriani. Baba aliushona ule mpira, akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaupaka sabuni ya kipande. Kila jioni aliosha mikono na kusema kesho.

Jirani mmoja, mama mwenye ng'ombe wawili, alikuwa akisimama upande wa pili wa ua.

"Baba watoto, hiyo gari inaamka leo ama tuiletee uji?"

"Inapumzika tu," baba alijibu bila kuinua kichwa.

"Ati inapumzika? Imepumzika kushinda mzee wangu, na yeye ako pension."

Mama hakucheka. Mama yake, nyanya yetu wa Mwea, alikuwa anapoteza macho. Kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama yake, na halichukuliwi kama jina tu. Mimi ndiye niliyekuwa wa pili, kwa hiyo nyanya hakuniita mjukuu, aliniita "mimi." Aliniona mara ya mwisho nikiwa nabebwa mgongoni, kabla kazi ya baba haijatupeleka mbali na kuturudisha. Sasa mwanamke aliyeleta mchele Nyeri kila wiki alituletea maneno yake. Alimwambia mama kwenye upenyo wa geti: "Nyanya anasema mumpelekee 'mimi' wake. Anataka kujiona kabla giza haijaingia."

Mama alimwendea baba pale kwenye boneti. "Twende na gari ya watu."

"Jumamosi hii itakuwa imewaka."

Ikaja Jumamosi, na nyingine. Yule mwanamke wa mchele akarudi na kusema kwamba nyanya sasa anamtambua mtu kwa sauti, isipokuwa asubuhi jua likiwa kali. Usiku ule mama hakula. Asubuhi yake baba alikubali kwamba lazima mpira mpya ununuliwe, lakini si yeye wa kwenda kununua. Alipima urefu kwa kamba, akafunga fundo mahali pa kukata, akanitia kamba ile mfukoni.

"Uulize mpira. Usiseme ni ya gari."

Mwenye duka la vifaa mjini alikuwa mzee Mwislamu mwenye kofia safi na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote.

"Mpira wa nini, binti yangu? Maana mpira ni mwingi. Upo wa petroli, upo wa gesi, upo wa bustani, na upo wa kupigwa teke."

Wateja wakacheka. Mmoja wao alikuwa mwalimu wangu.

Nilikuwa nimetazama watu wakijenga nyuma ya kwetu, na nilijua mafundi wana mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanaoujaza maji ili kujua kama ukuta umekaa sawa. Ulikuwa na unene uleule. "Ya fundi," nikasema. "Ya kupimia maji. Baba anajenga."

"Mashallah. Anajenga nini?"

"Gorofa."

Mzee akaukata kwenye fundo la kamba, akanipa salamu za kumpelekea baba.

Baba aliuinua kwenye mwanga, akauzungusha kidoleni. Akausukuma kwenye bomba, akaukaza kwa waya. Alipowasha gari tuliona petroli ikikimbia ndani ya mpira, nyekundu kidogo. "Angalieni damu inatembea," akasema. Injini ilinguruma, na kabla haijatulia mama alikuwa ameshanivalisha gauni la kanisani na kunipaka mafuta mpaka masikioni. Kikapu cha viazi na majani ya chai kilikuwa tayari mlangoni. Nafikiri kilikuwa tayari siku zote.

Tulipita mjini baba ametoa kiwiko dirishani. Baada ya Gatitu, nje kidogo ya mji, gari likakohoa, likavuta, likakohoa tena, likafa kando ya barabara. Baba akafungua boneti. Joto la injini lilikuwa limeulegeza ule mpira, ukanyonywa na kubanana kama utumbo wa kuku. Mvua ikaanza. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mama alifungua mlango. Alishuka na kikapu chake, akasimama pembeni ya lami, akainua mkono. Pikapu iliyobeba magunia matupu ikasimama. Ilikuwa inarudi Mwea.

"Ingia," akaniambia. "Nyanya anataka wewe. Mimi ameniona vya kutosha."

Baba alikuwa ameinama ndani ya boneti, shati limemshika mgongoni kwa mvua. Nilifikiri kwamba nikiondoka atakaa na ule mpira, ataufikiria, atajua ni mimi.

"Nitabaki na baba," nikasema.

Mama alinitazama. "Hata wewe?" Kisha akapanda.

Nilimfikia nyanya Desemba. Alinishika uso kwa mikono yenye harufu ya pumba za mpunga, akaupapasa polepole. "Paji ni langu. Masikio ni ya watu wengine." Akafika shavuni. "Na rangi?"

"Kama wewe kabisa," mama akasema.

"Watu husema hivyo," nyanya akajibu, akaniachilia.

Hayo ndiyo niliyomwambia baba mwezi uliopita, nikiwa bado chini ya gari, kwa sababu huko hatuonani. Nikakiri kwamba dukani nilidanganya.

"Mpira ilikuwa inaonyesha ndani," baba akasema. "Nani hajui mpira ya fundi?"

"Na bado ukaifunga?"

"Ningekurudisha ukaseme nini? Ama ningeenda mimi?" Akakohoa. "Nilidhani itafika Mwea."

Nilikaza klipu ya mwisho, nikatoka. Gari liliwaka mara ya kwanza. Baba akaja taratibu na fimbo yake, akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango kwa adabu kama abiria.

"Sasa twende wapi?"

Nilifikiria. Nyumba ya nyanya ilibomolewa. Hapo sasa ni uwanja wa kinu cha mchele, bodaboda zinangoja mizigo. Nyanya hayupo, na mama naye tulimzika. Barabara ni nzuri kuliko wakati wowote, na petroli inafika kwenye injini bila kupoteza hata tone. Hakuna anayengoja kujiona ndani yangu. Tulikaa pale gari likinguruma, geti limefungwa, na hakuna kati yetu aliyeshuka kulifungua.