Suti ya Kahawia Siku ya Ntheo

Kaindi Nzuki amekufa mara kumi na moja, amefungwa jela mara nne, na ameua mara moja tu. Kuua huko mara moja nusura kumvunjie binti yake ndoa.

Yeye ni fundi cherehani, na kibanda chake kiko karibu na Adams Arcade. Uigizaji hakuutafuta, ulimkuta hapo hapo. Miaka kumi na minne iliyopita, watu wanaotengeneza vipindi vya televisheni walimletea suruali za askari azipunguze. Alipozipeleka, mwigizaji mmoja hakuwa amefika, na suruali yake ikamtosha Kaindi. Wakamsimamisha langoni, akasema, "Mkubwa hayuko," na kabla ya saa kumi alikuwa amerudi kwenye cherehani yake. Tangu siku hiyo hajawahi kuitwa kwa ajili ya sura yake wala sauti yake. Huitwa kwa ajili ya kabati lake. Simu ikilia, swali huwa ni moja: "Mzee Kaindi, uko na nguo za chifu?" Akiwa nazo, basi chifu ni yeye. Koti la daktari alilishona mwenyewe kwa shuka, na amelivaa akitangaza vifo vya watu wasio na hesabu, kila mara akitikisa kichwa na kusema, "Tumejaribu."

Mimi si mpenzi wa vipindi hivyo. Vinawafundisha vijana wetu kuwakaripia wazazi na kunywa mvinyo kabla ya saa sita. Lakini haki ya mtu lazima isemwe. Katika kazi ambayo waigizaji wakubwa wakiitwa saa kumi na mbili hufika saa nne wakiwa na miwani ya jua, Kaindi hufika saa kumi na moja na nusu, suti imefunikwa kwa nailoni, maneno yake manne ameyakariri. Vipindi hupigwa picha katika majumba ya matajiri huko Kitisuru, na waigizaji wengine hutoka na sabuni za wenyewe mifukoni. Kaindi hata maji huomba.

Mwaka jana Ravneet, mama anayeongoza kipindi kimoja cha kila Jumatano, alihitaji mwigizaji wa kucheza mtu anayempa ndugu yake sumu. Kwa nini Kaindi? Kwa sababu alikuwa na kaunda suti ya kahawia iliyolingana na viti vya nyumba ile. Akatia unga mweupe ndani ya bakuli la sukari, akainywa chai yeye kwanza ili asishukiwe, kisha akamwangalia ndugu yake akinywa, akacheka. Unga ulikuwa glukosi. Ndugu alikuwa Njuguna, mwigizaji wa siku nyingi kama yeye, na tukio lilirudiwa mara kumi na tisa, Njuguna akanywa vikombe kumi na tisa vya glukosi na hakulala siku mbili.

Kipindi kikaonyeshwa. Wiki chache baadaye, Kavutha, binti wa pekee wa Kaindi, akachumbiwa na kijana Mutinda, na siku ya ntheo ikapangwa nyumbani kwa Kaindi huko Mutuini. Kwetu Wakamba, watu wa kijana huleta mbuzi, na mmoja huchinjwa, akaliwa na pande zote mbili. Nyama hiyo ndiyo ndoa. Mpaka iliwe, msichana bado ni wa baba yake.

Asubuhi hiyo Syokau, mkewe, alimwambia, "Baba Kavutha, hiyo suti toa. Vaa ile ya buluu."

"Hii ndiyo nzuri. Nimeishona kwa mkono wangu."

"Na ndiyo umeonekana nayo ukiua mtu."

"Watu wazima wanajua ni mchezo," akasema Kaindi, akafunga kifungo cha juu.

Wageni walifika saa tano, sisi majirani wa Kaindi tukiwa tayari tumeketi, mbuzi wakashushwa, maombi yakafanywa. Nyama ilipoiva, Kaindi, kwa heshima ya kupita kiasi, akachukua bakuli la chumvi na kuwapitishia wageni yeye mwenyewe. Alianza na bibi ya kijana, yaani nyanya yake, Susu Nzula, mwanamke wa miaka themanini na mbili mwenye macho makali kuliko yangu. Bibi aliliangalia bakuli. Akaiangalia suti. Akasukuma sahani mbali.

"Mimi sili."

"Susu, una nini?" akauliza Mutinda.

"Huyu alimuua ndugu yake. Nilimwona. Jumatano. Na bakuli lilikuwa kama hilo."

Watu wakacheka. Susu Nzula hakucheka, na kicheko kikaisha kimoja kimoja. Asipokula yeye, hakuna mtu wa upande wao ambaye angethubutu kutia kipande mdomoni.

"Susu, ile ni kazi tu," Kaindi akasema.

"Kuua ni kazi?"

"Niliambiwa nifanye hivyo."

"Na ukiambiwa kesho?"

Kaindi akachukua kipande cha nyama, akatia chumvi, akala mbele yake.

"Hata siku ile," akasema bibi, "ulianza wewe."

Msemaji wa upande wa kijana akamvuta Kaindi kando, karibu na mlango nilipokuwa nimeketi. "Mzee, sema si wewe. Sema ni mtu mnafanana. Mama ataamini, tukule twende."

Kavutha alikuwa amesimama pale jikoni, ameshika kitambaa cha sahani, hapumui. Maneno matano tu yangemaliza jambo lote. Na ukumbuke kwamba mtu huyu amelipwa miaka kumi na minne kusema yasiyo kweli.

"Kudanganya ni kazi yangu Jumatatu na Jumanne," Kaindi akasema. "Leo ni Jumamosi, na huyu ni mtoto wangu."

Akatoa simu. "Njuguna, uko wapi?"

Sauti ikasikika mpaka kwa viti vya nyuma: "Niko Adams, nakula chipsi."

"Wacha chipsi. Chukua pikipiki ukuje Mutuini uonekane uko hai."

"Kuna nyama?"

"Iko."

"Nimefika."

Hakuwa amefika. Alichukua nusu saa. Tuliimba nyimbo tatu, mafuta yakaganda juu ya nyama, na Mutinda akalowa jasho mpaka tai ikabadilika rangi. Hatimaye pikipiki ikaingia uani, na marehemu akateremka.

"Toa hiyo kofia," Susu Nzula akamwamuru. Njuguna akatoa helmeti. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, kama anayenunua mbuzi.

"Tulikuzika."

"Jeneza lilikuwa tupu, Susu."

"Na mke wako, alilia hivyo bure? Anajua uko hai?"

"Anajua. Siku hiyo ya mazishi ndiye alituletea maandazi."

"Hm. Keti hapa. Wewe Kaindi, mpe nyama. Kwa mkono wako. Na chumvi."

Kaindi akampa. Njuguna akala kipande, akala cha pili, akaomba ubavu. Nyumba nzima ilimtazama shingo. Akamaliza ubavu, akaanza paja.

"Basi," bibi akasema. "Ukimngoja huyu afe, nyama itaisha." Akavuta sahani yake. Lakini kabla hajala akamnyooshea Kaindi kidole. "Hiyo koti kwanza."

Kaindi akalivua, akabaki na shati. Syokau akalipokea, na sijawahi kuona mwanamke akikunja koti kwa furaha namna ile. Susu Nzula akala. Upande wote ukala. Kavutha akapumua.

Harusi ilifanyika mwezi wa nne. Kaindi angali anafika kazini kabla ya wote, na suti ya kahawia ameiuzia kampuni ya kile kipindi, waivae wenyewe. Bibi huja Mutuini mara kwa mara kuwatembelea wakwe wa mjukuu wake, nao humpokea vizuri. Nyama anakula. Chai, huja na thamosi yake.