Nilitoa Magoti, Nikaweka Shoka

Nimekosa, ndugu zangu. Watu husema ni vijana, ni hasira. Hapana! Ni mimi, mzee wa kanisa mwenye mvi.

Mwaka jana niliandaa ziara ya mihadhara katika makanisa yetu ya wakimbizi hapa Durban: Umbilo, Berea, kisha Isipingo. Pombe ilikuwa inatumaliza. Nikamwita mwalimu mmoja Mrundi, mtu mpole, azungumzie Wakristo wa Amerika waliopinga ulevi karne ya kumi na tisa. Alisimulia jinsi akina mama walivyopiga magoti ndani ya baa, wakiomba mpaka mwenye baa analia. Mwishoni aligusia tu kwamba wachache walipasua mapipa kwa shoka.

Umbilo watu walisinzia. Berea vilevile. Nikamwambia, "Mwalimu, Isipingo toa hayo magoti. Weka shoka."

"Papa," mwalimu akaniita kwa heshima ya wazee, "kule iko watu wamezika watoto juu ya pombe. Ukiwapa shoka, watatafuta kichwa."

"Sema tu! Ni mimi niliyekuita."

Akasema. Lo! Kanisa lilichemka. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akapiga kelele, "Na kwa Mama Furaha tunangoja nini?"

Mama Furaha ni mjane Mkongomani, aliuza bia karibu na kituo cha taksi. Wakatoka na vyuma, na viti vya kanisa. Ningeweza kusimama mlangoni. Mimi nikaanzisha wimbo!

Walivunja friji, meza, chupa zote. Mwalimu akajaribu kuwazuia, wakamvunja mkono. Mama Furaha akajitupa mbele yao: "Jamani, ni mimi! Si tunasali pamoja?" Chupa ikarushwa, ikampasukia usoni. Damu ikalowesha kitenge chake, na mimi wimbo bado uko mdomoni.

Jicho la kushoto halikupona. Mwalimu hapokei simu yangu. Uzee wa kanisa nimeuacha, ningewaongoza nani?

Nilikwenda kwa Mama Furaha nikapiga magoti. Namshukuru Mungu kwamba alinifungulia. Alinitazama kwa jicho moja, akauliza, "Papa, siku ile hayo magoti ulikuwa umeyaweka wapi?"



Enyi mnaoshika kipaza sauti, nawasihi! Watu wakisinzia, waacheni wasinzie. Mimi niliwaamsha.