Siku Niliyoshikilia Dari ya Gari Mpaka Kanisani

Naona mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo, basi chekeni mmalize, maana aibu hii nimetembea nayo miaka mingi na leo nataka niitue. Kuna kanisa moja kule Marangu ambalo mpaka leo nikipita karibu yake nainamisha kichwa, na si kwa ibada (mimi Muislamu, mnanijua), ni kwa sababu kuna akina mama pale ambao wakiniona tu watashikana mabega wasianguke kwa kicheko.

Enzi hizo nilikuwa na kibanda changu cha kushonea makochi Majengo, hapahapa Moshi. Ilikuwa ile miaka soko limefunguliwa, vitu vinaingia kutoka Dubai na Japani, mtu akipata redio mpya anataka na kochi jipya la kukalia akiisikiliza, kwa hiyo kazi haikosekani na mimi kichwa kimevimba. Kibao cha mlangoni kiliandikwa "Mtaalamu wa viti na mambo yote ya ndani". Hayo "mambo yote ya ndani" aliyaongeza mchora vibao kwa hiari yake, akasema nafasi ilibaki, nami nikayaacha kwa kuwa yalipendeza.

Sasa mnajua Desemba kwa Wachagga. Dar inahama, na kila mtu anapanda mlima na ushahidi wa mwaka wake. Bwana Elinami, mfanyabiashara wa Dar mzaliwa wa Marangu, mwaka uliotangulia alikuja na gari la kawaida akakuta binamu yake Godlisten amekuja na pikapu mpya ambayo nailoni za viti hazijatolewa, na watu wote baada ya ibada wakaizunguka pikapu. Elinami akaumia. Mwaka ule akanunua gari la michezo la zamani, la Kiingereza, milango miwili, jekundu, lililokuwa limelala kwenye ghala la mlowezi mmoja wa Kigiriki aliyekuwa akilima kahawa. Injini akaitengenezesha, rangi akapaka, ila dari ya ndani ilikuwa inaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Akasoma kibao changu, akasimama.

"Fundi, dari ya gari umewahi kutengeneza?"

Hapa ningesema hapana, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Nikasema, "Bosi! Magari mangapi!" (Angalieni, sikusema mangapi.)

"Nataka kazi klasik, ya hadhi ya gari lenyewe. Asubuhi ya Krismasi nampeleka mama kanisani na gari hili."

"Mama atadhani yuko sebuleni," nikamwambia. Akacheka, akaniachia funguo.

Dari yenyewe ilikuwa vibao vitatu vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kushindiliwa, vilivyokunjwa kufuata mviringo wa paa na kuvikwa leza nyeupe, yaani ngozi ya bandia. Mpango wangu ulikuwa kuvitoa polepole, nivivike leza mpya, nivirudishe. Nilipokivuta cha kwanza kikamegeka mikononi kama andazi la juzi. Cha pili vilevile. Cha tatu sikukigusa, kilianguka chenyewe kwa kuona wenzake. Nikazunguka mji mzima kutafuta hadibodi, mafundi seremala wote wamefunga, wameshapanda mlimani na ushahidi wao.

Ndipo nikaona maboksi. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa na maboksi makubwa, magumu, mazuri kabisa, nikamwomba matatu. Nikayakata, nikayalowesha ili yakubali kukunjika, nikayaanika, nikaweka sponji, nikavuta leza juu yake, na kwa kuwa mkono umezoea makochi nikatia na vifungo, vile vya kubonyea katikati. Gundi nilitumia ya viatu, na ilipoelekea kuisha nikaizimua na petroli kidogo. Jamani, ilipendeza! Nililala chali kwenye kiti cha dereva nikaiangalia dari ile nikajionea wivu mwenyewe.

Asubuhi ya Krismasi Elinami akafika na suti, akachungulia ndani, akanishika mkono kwa heshima. Wakati ananishika mkono, mimi jicho langu liko juu ya bega lake, naona kifungo kimoja kimeanza kuteremka. Taratibu. Kama buibui. Nikaweka kiganja, kikarudi. Nikatoa kiganja, kikateremka tena.

Mtu mwenye akili angesema ukweli palepale. Mimi nikasema, "Bosi, naomba niende na wewe. Kazi mpya inabidi isikilizwe barabarani." Akafurahi, akaona ndiyo huduma ya kisasa hiyo. Nikajipenyeza nyuma, kwenye kijikiti ambacho hata mkungu wa ndizi ungelalamika, magoti yapo masikioni, na tulipopita Kiboriloni nilikuwa nimeshainua mkono mmoja.

Tulipofika Himo jua limewaka, na lile gari halina upepo zaidi ya wa madirishani. Gundi ikaanza kukumbuka petroli yake. Nikainua mkono wa pili.

"Unasikia nini huko nyuma?" Elinami akaniuliza.

"Naisikiliza, bosi. Bado naisikiliza."

Kuanzia pale barabara inapanda, ina kona, na kila kona dari inataka kwenda upande wake. Tukafika nyumbani kwao, kwenye migomba, mama yake akatoka, bibi mrefu mwenye mvi, amevaa kofia kubwa yenye maua aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar, na anaivaa kama mtu aliyebebeshwa ndoo. Nikamwamkia nikiwa mikono juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaniangalia. Akamgeukia mwanawe. "Elinami, huyu kijana ameshikwa na polisi?"

"Ni mtaalamu, mama. Anafuatilia kazi yake."

Akaingia mbele, kofia ikagusa leza, tukaenda.

Pale kanisani ibada ilikuwa haijaanza na uwanja umejaa. Elinami akaliingiza gari polepole, honi mbili ndogo, na kweli watu wakaacha ile pikapu wakaja kwetu, wazee, watoto, kwaya nzima na majoho yao, na Godlisten mwenyewe akiwa amekunja uso. Wanachungulia ndani wanamwona mama mtu mbele, na nyuma kuna mtu jasho linamtiririka, mikono juu, macho yamefumbwa. Nikasikia mzee mmoja ananong'ona, "Huyu mbona anaabudu kabla ya kengele?" Mwingine akajibu, "Atakuwa mlokole. Dar siku hizi wamejaa."

Ningevumilia. Naapa ningevumilia mpaka washuke. Lakini akaja dada mkubwa wa mama yake Elinami, bibi kizee wa fimbo, watu wote wakampisha, akamsalimia mdogo wake, akamsalimia Elinami, kisha akaingiza mkono wake dirishani mpaka kwangu nyuma, ananipa mimi. Nikasema, "Shikamoo, bibi," nikitumaini yataishia hapo. Mkono ukabaki palepale. Watu wote wanautazama ule mkono, kisha wananitazama mimi.

"Hanisikii?" bibi akauliza.

Niambieni nyie, mngefanyaje? Mtu mzima wa umri ule, mbele ya ukoo wake, siku ya sikukuu. Nikampa mikono yote miwili kama nilivyolelewa kwetu Kahe.

Dari ikashuka yote kwa pamoja. Haikutoa hata sauti kubwa, ilipumua tu, *fuuu*, ikatulalia. Mimi nikabaki gizani, mbele namsikia mama anamwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa wangu! Elinami, kumeingia nini humu?" Watu wakafungua milango, wakaanza kuvuta, na kumbe gundi iliyokataa kushika bati ilikuwa imevujia upande wa leza, ikapata kofia ikaipenda. Kibao cha mbele kikatoka na kofia imening'inia chini yake, maua na yote. Wakakigeuza juani kutafuta njia ya kuibandua, na upande wa pili, kwa herufi kubwa za bluu ambazo mimi wakati wa haraka zangu wala sikuzijali, uwanja mzima ukasoma: MAZIWA YA MSAADA. HAYAUZWI.

Godlisten, kwa upole kabisa, akauliza, "Ndugu yangu, kumbe gari lenyewe ni la msaada?"

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka. Mchungaji alitoka kuuliza kuna nini, akasoma, akarudi ndani haraka amejiziba mdomo kwa kitabu. Mama mtu akashuka, akajipangusa sponji, akachukua khanga ya jirani akajifunika kichwa, na alipoletewa ile kofia akasema, "Iacheni hukohuko," akaingia kanisani mwendo mwepesi kama msichana.

Mimi nilitolewa kwa kuvutwa miguu. Nikakaa nje kwenye mzizi wa mti ibada nzima, mikono imekufa ganzi, nasikiliza nyimbo nisizozijua. Elinami alipotoka akaja akasimama mbele yangu. Nilitegemea kofi. Suti yake ilikuwa na alama za gundi mabegani.

"Fundi. Umewahi kutengeneza dari ya gari lolote maishani mwako?"

"Hapana, bosi. Makochi tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema usingenipa kazi."

"Ndiyo faida ya kusema," akanijibu, taratibu, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Mama yake ndiye aliyeniokoa. Alikataa nirudi Moshi na njaa, nikalishwa mtori wa ndizi na nyama mpaka jasho likanitoka upya, na wajukuu wakapita mmoja mmoja kuniangalia. Gari lilipelekwa Nairobi kutengenezwa, nikasikia likatoka zuri sana. Sikwenda kuliona.

Niliporudi mjini kitu cha kwanza nilitafuta rangi, nikayafuta yale maneno ya mchora vibao, na "Mtaalamu" wangu pia, nikaacha "Viti" basi. Tangu hapo mtu akiniuliza kama nimewahi kufanya jambo ambalo sijawahi, hapana inanitoka kabla hajamaliza swali. Wateja wengine huondoka kwenda kwa jirani, ambaye hajawahi kukataa kazi yoyote. Nawaangalia wanavyokwenda, roho inaniuma, nawaonea na huruma, na simkimbilii hata mmoja.